Risasi zilizokuwa kimya Agosti, Januari zinapasua hewa. Nimekosea wapi?

MwanaMuheza

Shikamooni wakubwa. Wadogo zangu, mambo.

Naomba msaada kwa wanaoshindilia risasi wenyewe nyumbani, yaani wanaojaza maganda baruti na vichwa kwa mkono. Niko Texas, magharibi ya Fort Worth. Kazi yangu ni lori la masafa marefu, na wikendi nikiwa nyumbani namsaidia jirani kulinda shamba lake na nguruwe pori. Asiyewaona hawa wanyama hawezi kuamini. Usiku mmoja tu wanalifukua shamba la majani ya ng'ombe ukadhani limelimwa na mlevi. Hapa nguruwe hawana msimu wa kufungwa, na tangu 2019 kwenye shamba la mtu binafsi ruhusa ya mwenye shamba inatosha, leseni ya uwindaji si lazima. Nyama yenyewe mimi siigusi. Nikiangusha nampigia jirani, anakuja na pikapu na visu vyake, mimi naangalia upande wa pili.

Bunduki ni raifo ya kukoki kwa mkono, inakula risasi aina ya .300 Blackout, mtutu wa inchi 16 unaozungusha risasi mara moja kila inchi 8. Kiwambo cha kuzuia sauti nimekipata kihalali: fomu, picha, alama za vidole na dola 200 nililipa mwaka jana. Waliosubiri hadi Januari 1, 2026 hawalipi hata senti, fomu tu. Hilo bado linaniuma.

Sasa shida yenyewe. Agosti nilishindilia risasi 60 za polepole, yaani za kwenda chini ya kasi ya sauti. Vichwa, yaani kile kipande kinachoruka, ni vya greni 190 (kama gramu 12), vile vinavyotanuka vikigonga. Baruti na kipimo chake nilivitoa kwenye kitabu cha mwenye baruti, yaani kiwanda kinachoitengeneza, sikubuni kitu. Nikapiga 10 mbele ya kipima kasi. Wastani futi 1,074 kwa sekunde, ya chini kabisa 1,049, ya juu 1,098. Siku hiyo joto lilikuwa 97 kwa vipimo vya huku, kwa kwetu nyuzi 36. Kimya kabisa. Unasikia "tup", halafu unasikia kichwa kikigonga tuta la udongo kule mbele. Mama watoto alikuwa jikoni, dirisha wazi, hakujua kama nimeanza.

Wiki iliyopita nimekaa alfajiri, baridi 25 kwa vipimo vya huku, nyuzi 4 chini ya sifuri. Wametoka saba. Risasi ya kwanza kimya, mmoja akalala palepale, wenzake wakainua vichwa tu wakabaki wanashangaa. Ya pili, PAA! Kama mtu kavunja mbao kavu juu ya kichwa changu. Niliyemlenga nikamkosa na shamba likawa tupu. Kesho yake alfajiri, baridi ileile, nikapiga tano kwenye kibao: mbili "tup", tatu "PAA". Boksi lilelile, mkono uleule.

Kiwambo kimeharibika? Baruti imeingia unyevu? Na kama ni kupunguza baruti, nipunguze kiasi gani? Nipeni namba wakuu, Ijumaa narudi nyumbani.

---

Kiroboto_Temeke

Mkuu huku ukikutwa na meza ya baruti na fataki bila kibali utajieleza kituoni mpaka ndevu ziote. Nyie mnaongea kama mnapika maandazi.

Ila swali la kweli: si una kiwambo? Kwenye sinema jamaa anafunga kile kichupa mbele ya bunduki, inatoka "fyu", aliyelala chumba cha pili haamki. Sasa risasi ya polepole ya nini tena?

---

Mwalimu_Greni

Marahaba mwana wa Muheza. Kiwambo chako kizima, na baruti yako nzima. Kilichobadilika ni hewa.

Mimi nilifundisha hesabu miaka kumi na saba, Ifakara na baadaye kwetu Mahenge, kabla sijaja Oklahoma kuendesha basi la shule. Kwa hiyo mtanivumilia, lazima niandike ubaoni.

Bunduki ikilia kuna sauti tatu zimepanda gari moja. Ya kwanza ni gesi ya baruti inayofumuka mdomoni mwa mtutu. Hiyo ndiyo ya kiwambo: gesi inaingia kwenye vyumba vya ndani, inatanuka, inapoa, inatoka kwa adabu. Ya pili ni vyuma vya bunduki kugongana. Wewe unakoki kwa mkono, kwa hiyo haipo mpaka uvute kishikio. Ya tatu ni risasi yenyewe ikiwa njiani. Ikikimbia kuliko sauti inaburuta kishindo nyuma yake safari nzima, kama mjeledi wa mchunga ng'ombe. Kiwambo hakina la kufanya hapo, kishindo hicho kinaendelea kuzaliwa wakati risasi imeshakiacha kiwambo nyuma. Ndugu Kiroboto, ndiyo maana ya risasi ya polepole. Na hata ikiwa polepole, usitegemee ile "fyu" ya sinema. Ni kama mtu amepiga kofi mto wa kulalia uliojaa mchanga.

Sasa kasi ya sauti. Wengi wameikariri kama namba moja, 343 mita kwa sekunde, wakafunga daftari. Hiyo ni ya hewa ya nyuzi 20. Sauti hukimbia zaidi kwenye joto na hupunguza mwendo kwenye baridi. Kanuni ya kukokotoa kichwani: 331, jumlisha nyuzi za joto mara 0.6, unapata mita kwa sekunde. Zidisha kwa 3.28 upate futi.

Agosti yako, nyuzi 36: mita 352.6, kama futi 1,156. Risasi yako ya kasi kuliko zote ilikuwa 1,098. Imebakiza futi 58, salama.

Januari yako, nyuzi 4 chini ya sifuri: mita 328.6, kama futi 1,078. Umeona? Ukuta wenyewe ndio umekusogelea. Wastani wako ulikuwa 1,074. Kwa hiyo karibu nusu ya boksi iko upande huu wa ukuta na nusu imeuvuka. Mbili tup, tatu PAA. Mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza angelipata hilo.

Baridi hupunguza kidogo na nguvu ya baruti, aina nyingine sana, nyingine hata huoni. Lakini kwa kawaida haipungui kama kasi ya sauti inavyopungua. Tena kishindo hakingoji risasi ifike kwenye kasi ya sauti kamili: hewa inayopita kwenye mabega ya kichwa cha risasi inalazimika kukimbia kuliko kichwa chenyewe, kwa hiyo ukikaribia sana unaanza kusikia mchaniko. Unahitaji nafasi.

Wewe ulikadiria kwa wastani. Nguruwe hasikii wastani, anasikia risasi moja moja. Hesabu yako ianzie mwisho: asubuhi ya baridi kuliko zote utakayokwenda kukaa ni ipi? Tuseme nyuzi 10 chini. Sauti inakuwa 1,066. Ile ya kasi kuliko zote kwenye boksi lako iwe chini ya hapo kwa futi 30 hivi, kwa hiyo isipite 1,036. Ukishajua hiyo ndipo unauliza wastani uwe wapi. Ndiyo sababu za kiwandani za Blackout utazikuta kati ya 1,000 na 1,050, si kwa bahati.

Nimeona umeomba namba ya kupunguza baruti. Sikupi, na akija mtu hapa akakupa, usiichukue. Siuoni mtutu wako, wala kichwa chako, wala ganda lako. Kitabu cha mwenye baruti kina ukurasa wa risasi za polepole kwa Blackout, una kima cha chini na cha juu. Fanya kazi ndani ya hizo mbili. Chini ya kile cha chini usiende, na nakueleza kwa nini, maana mimi nilikwenda.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili wa kushindilia, nina tamaa ya ukimya. Kila nikipunguza kidogo nasikia utamu, napunguza tena. Siku moja kwenye uwanja wa shabaha nikapiga, ikatoka "puh", laini kuliko zote. Nikatabasamu peke yangu kama mjinga. Nikakoki nyingine. Mzee aliyekuwa meza ya jirani, mtu ambaye hata salamu tulikuwa hatujapeana, akanishika bega kwa nguvu: "Tundu lako liko wapi?" Nikatazama kwenye darubini. Kibaoni hakuna tundu jipya. Tukatoa risasi, tukavua kishikio cha bunduki, tukachungulia kutoka nyuma kuelekea angani. Giza. Kichwa kilikuwa kimekwama ndani ya mtutu, inchi nne kabla ya mdomo. Koti la shaba linang'ang'ania kuta za mtutu, na gesi ikiwa haba haliishi safari. Ningepiga ile ya pili ingekuta mwenzake kamkalia njia, na mtutu ungepasuka mbele ya uso wangu. Kwa bunduki isiyo na kiwambo masikio yangekuonya kwamba mlio umekwenda kombo. Kwa kiwambo, risasi iliyokwama na risasi nzuri zinafanana mno.

Fundi alikitoa kwa ufito wa shaba na mafuta, akanitoza dola 60 na mhadhara wa bure. Tangu siku hiyo nikipiga kibao sikoki nyingine mpaka nimeliona tundu. Porini, kama sikusikia kichwa kikigonga kitu, nafungua, natoa risasi, nachungulia mtutu. Nguruwe watakimbia? Wakimbie.

Sasa turudi kwenye boksi lako. Tatizo kubwa kuliko wastani ni tofauti: 1,049 mpaka 1,098 ni futi 49, nyingi. Nikiwa na tofauti hiyo silali. Nijibu haya. Baruti unapima kila moja kwenye mizani, au unamwaga kwa kimwagio na kuamini? Maganda ni ya .300 yenyewe au umekata ya .223? Na kama umekata, ni ya kiwanda kimoja au umeokota okota uwanjani?

Nauliza kwa sababu ganda la Blackout ni lile la familia ya .223 lililofupishwa na kupanuliwa shingo limeze kichwa cha upana wa inchi .308. Kazi iliyoanzishwa na J.D. Jones miaka ya 1990 kwa jina la .300 Whisper, kampuni ya Advanced Armament ikaipeleka mbele, na Januari 2011 ikaandikishwa rasmi kama .300 AAC Blackout. Ukikata ganda la .223, kilichokuwa ukuta wa tumbo kinageuka kuwa shingo. Viwanda vinatofautiana unene. Shingo moja inakibana kichwa kama koleo, nyingine inakishika kama mtoto anayeshika yai, na kasi zinaachana hapohapo.

Uzuri wa Blackout ni kwamba ganda ni dogo, baruti inalijaza. Niliwahi kujaribu risasi za polepole kwenye .308 Winchester na nikaacha. Kile kibuyu chote, baruti kijiko! Ukiinamisha mdomo wa bunduki chini baruti inakimbilia mbele, ukiinua inarudi kwenye fataki, kile kidude cha kuiwasha kilichoko matakoni, na kasi zinatofautiana kama vile umepiga bunduki mbili. Halafu ganda lenye nafasi hivyo unaweza kulimwagia baruti mara mbili na lisimwagike, usijue. Tena mitutu mingi ya .308 huzungusha mara moja kila inchi 10 au 12. Kichwa kirefu kizito kikienda polepole hapo kinaweza kuyumba, na kinachoyumba ndani ya kiwambo kinagonga sahani za ndani. Wewe inchi 8 inakutosha, lakini kichwa kipya chochote kijaribu kwanza bila kiwambo, kwenye karatasi ya karibu. Tundu la duara safi, endelea. Tundu lenye umbo la tundu la ufunguo, acha mara moja.

Na kama nyumbani una bunduki ya .223, tenga maboksi, tenga magazini, zifunge utepe wa rangi tofauti. Risasi ya Blackout inaweza kuingia kwenye chumba cha .223, hasa yenye kichwa kifupi, na ukivuta mtambo bunduki inasambaratika mikononi. Hili siliandiki kujaza ukurasa.

Mwisho, kisa kidogo cha mzee. Aliyepata hataza ya kiwambo Marekani mwaka 1909 ni Hiram Percy Maxim. Baba yake ndiye Hiram Maxim wa ile bunduki ya Maxim, bombomu. Sisi wa Mahenge bombomu tunaijua: Agosti 30, 1905 babu zetu waliiendea boma ya Mjerumani wakiwa wamekunywa maji ya kugeuza risasi kuwa maji, na bombomu ikawapokea. Miaka minne baadaye mtoto wa mwenye bombomu anauza ukimya. Huwa nalifikiria hilo nikifunga kiwambo changu, kisha naendelea na kazi.

---

Dada_wa_Trondheim

Mwalimu, heshima yako. Mimi si mshindiliaji ila mume wangu ni Mnorwe na mwindaji, na mimi ni muuguzi, kwa hiyo nachangia kutoka pande mbili.

Huku Norwei kiwambo unanunua dukani kama unavyonunua kofia. Hakuna anayeshtuka. Lakini karibu kila mtu anakifunga na risasi za kasi ya kawaida, zile zinazopasua hewa, na kwa mnyama mkubwa sheria yenyewe inalazimisha hivyo. Kumpiga elg, mnyama mkubwa wa huku wa jamii ya kulungu, kichwa cha gramu 10 au zaidi lazima kiwe bado na jouli 2,200 kikifika mita 100. Nilimwambia mume wangu apige hesabu ya risasi ya MwanaMuheza, greni 190 kwa futi 1,074. Ikitoka mdomoni ina jouli kama 660. Akaniuliza huyo kaka anapiga nguruwe au sungura.

Simdhihaki, nguruwe wa karibu anaanguka, ameshaonyesha. Ila kaka yangu, hiyo ni nguvu ya bastola ndani ya nguo za raifo. Umechagua vichwa vya kutanuka, vizuri, lakini hakikisha ni vile vilivyotengenezwa kutanuka kwa mwendo huo wa polepole. Vya kawaida vya kuwindia vimezoea mwendo mara mbili au zaidi. Vikienda polepole vinapita kama msumari, na mnyama anakwenda kufia mbali baada ya masaa. Mume wangu anasema asingepiga zaidi ya mita 50 kwa hiyo, na mnyama awe amesimama.

La kiuuguzi: bunduki ya kuwindia bila kiwambo inapita desibeli 160. Kikomo cha sauti ya ghafla kwa sikio ni 140. Kiwambo kizuri kinaondoa 20 mpaka 35. Piga hesabu mwenyewe, kwa risasi ya kasi hata na kiwambo uko pembeni ya kikomo tu. Vaeni vizibo vya masikio. Nimewapokea wazee wengi wa misituni ambao sikio la kushoto limekufa na la kulia linasikia, kwa sababu mwenye kulenga kwa bega la kulia sikio la kushoto ndilo linalotazama mdomo wa mtutu. Wanalalamika mlio wa nyenje usioisha usiku kucha. Hauna dawa.

---

Kiroboto_Temeke

Kwa hiyo sinema zimenidanganya maisha yangu yote. Haya.

Mwalimu, nilisoma hesabu kwa mwalimu aliyekuwa akirusha chaki. Ningekupata wewe nisingekuwa hapa nauza vocha.

---

Mwalimu_Greni

Hata mimi nilirusha chaki, Kiroboto. Nilikuwa na shabaha nzuri toka zamani.

Dada wa Trondheim yuko sahihi kwa kila neno. Niongeze tu la kuanguka kwa risasi, maana ndilo linalowapoteza watu. Ukilenga sawasawa kwa yadi 50, risasi inayoondoka na futi 1,010 inapiga kama sentimita 16 mpaka 19 chini ukifika yadi 100. Ukifika 200 iko chini kwa zaidi ya mita moja. Usiku, kwa macho, yadi 60 na yadi 100 zinafanana. Pima kwa hatua mchana, weka vigingi.

Na kwa wanaosoma kimyakimya: aliye huku kwa viza ya muda asiiguse bunduki kabla ya kuonana na mwanasheria. Mwenye gridi kadi ni habari nyingine. Na unachoshindilia ni cha kwako, siyo biashara. Ukianza kuuzia wenzako unahitaji leseni ya serikali kuu.

---

MwanaMuheza

Nimerudi. Nilikuwa barabarani siku tisa, Arizona na kurudi, nikisoma majibu kwenye vituo vya mafuta.

Mwalimu, maswali yako yamenivua nguo. Baruti nilikuwa namwaga kwa kimwagio, napima moja katika kila kumi. Maganda nilinunua mfuko wa yaliyokatwa, na nilipoyamwaga mezani na kusoma matako yake nimehesabu viwanda sita tofauti. Sita! Niliyachagua kwa rangi tu, yaliyong'aa.

Kwanza nilifanya utafiti. Jumamosi alfajiri ilikuwa 25 tena. Nikachukua nane za Agosti, nikaziacha nje usiku kucha ndani ya boksi ili zipoe sawasawa, nikaweka kipima kasi, nikapiga moja moja na kuandika. Baada ya kila moja natafuta tundu kibaoni kabla sijakoki, kama ulivyosema. 1,046 tup. 1,084 PAA. 1,063 tup. 1,090 PAA. 1,058 tup. 1,051 tup. 1,081 PAA. Na moja ya 1,072 ilitoka sauti ya ajabu, si tup si PAA, kama kitambaa kinachanwa. Nadhani ndiyo ile hewa ya mabegani uliyosema. Wastani 1,068, kwa hiyo baridi ilinipunguzia futi sita tu. Sauti imepungua karibu themanini. Nilicheka peke yangu kwenye baridi.

Halafu nikakaa chini kuanza upya. Maganda 25 ya kiwanda kimoja, nimeyapunguza urefu yakalingana, kila baruti imepita kwenye mizani. Kipimo nimekishusha, bado kiko juu ya kile cha chini cha kitabu. Kazi ya dakika arobaini imenichukua saa mbili na nusu, mama watoto akaja kuuliza kama nashona nguo. Nimepiga kumi: wastani 1,018, ya chini 1,006, ya juu 1,029. Tofauti 23. Zote tup, na mojawapo ya zile asubuhi ilikuwa 19 kwa vipimo vya huku, nyuzi 7 chini.

Kosa jingine nililolifanya ni kusahau kwamba risasi zikipungua mwendo zinapiga chini zaidi. Tatu za kwanza zilikwenda chini ya duara kabisa, nikashikwa na hofu kwamba kiwambo kinagongwa. Nikakivua nikakitazama ndani kwa tochi, safi. Ni mimi tu, sikurekebisha darubini.

Dada wa Trondheim, vichwa ni vile vya mwendo wa polepole, nimesoma boksi mara mbili. Na vigingi nimepigilia: 25, 50, na cha mwisho 60. Zaidi ya hapo sipigi. Vizibo nimenunua.

Swali la mwisho. Zile za Agosti zimebaki 35. Nizivunje nitoe baruti na vichwa, au?

---

Mwalimu_Greni

Hesabu imekubali: 60, toa 10, toa 2, toa 5, toa 8. Nimefurahi kuona hakuna iliyopotea.

Za nini kuzivunja? Chukua kalamu nene, andika AGOSTI juu ya boksi, uziweke kabatini. Agosti itakuja.